Nanga haifungwi, hutiwa: kwa binti wa Langoni anayetaka kuishi kwa gitaa lake

Swali

"Shikamoo Bi. Mimi ni msichana wa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu), nina miaka 24. Napiga gitaa na kutunga nyimbo zangu kwa Kiamu. Nimerekodi sita kwa pesa zangu, chumbani, kwa kompyuta ya kaka yangu. Nimeziweka mtandaoni lakini wanaosikiliza ni marafiki wale wale. Hoteli za Shela nimepiga mara kadhaa. Wageni wanakula na kuzungumza, na wakiniomba wimbo ni zile zile mbili wanazozijua. Harusini siku hizi anaitwa DJ. Kaka aniambia niende Nairobi au niache, nitafute kazi. Msanii asiye na kampuni wala meneja anaweza kuishi kwa kupiga laivu hapa kwetu? Nimekuwekea ubeti wa wimbo mmoja uuone."

Jibu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ubeti wako mara nyingi zaidi. Nitaurudia mwishoni, maana nina neno nao.

Nisikuzungushe: ndiyo, anaweza. Nimekula kwa muziki hapa Malindi miaka 28, kwanza nikipiga kinanda katika kikundi cha taarabu, kisha nikiimba, na sasa nawafunza vijana na kuwapangia maonyesho. Kampuni sijawahi kuwa nayo. Lakini sijapata kuishi kwa mlango mmoja, wala sijamwona mwenzangu wa Pwani aliyeweza. Harusi imenilipia kodi, hoteli imenilipia karo ya watoto, na miezi ambayo vyote viwili vimefunga nimefunza na kushona. Kwa hiyo kazi ya mchana usiiache mwaka huu. Na Nairobi usiende bado. Nitakueleza kwa nini, na sababu yangu si woga wa mji mkubwa.

Siku hizi msanii wa kujitegemea huzungumzwa kana kwamba kazaliwa na intaneti. Pwani yetu haijui msanii wa namna nyingine. Mchukue mwimbaji Zein l'Abdin, mtoto wa Amu, mzaliwa wa 1939, aliyetuacha mwaka 2016. Udi wake, ile ala ya nyuzi, aliupigia harusini, mwaka baada ya mwaka, nyumba hii na ile. Kaseti zilizouzwa madukani Mombasa nyingi zilirekodiwa pale pale kwenye sherehe, ukisikiliza vizuri unasikia watu. Na mashairi mengi hakuyatunga peke yake. Aliletewa na washairi kama Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mzee yule yule aliyetupa neno "runinga". Mtunzi alikuwa na jicho lake, mwimbaji na lake, na hadhira ya Amu, inayoweza kukaa barazani siku nzima ikibishana fumbo la jana lilimlenga nani, ilikuwa na la tatu. Wimbo haukutoka hapo na kosa likabaki.

Wewe umejifungia chumbani na kompyuta. Nyimbo sita zimetoka, na jicho lililozipitia ni lako peke yako. Kinachokupungukia kwanza ni hili. Meneja na wasikilizaji wa mtandaoni wanaweza kungoja.

Nikupe kisa. Miaka michache nyuma nilipanga kikao katika ua wa nyumba moja hapa Malindi, si mbali na msikiti wa Juma na yale makaburi ya nguzo. Watu walikuwa kama 50, mikeka mbele, viti vya plastiki nyuma. Aliyekuwa akiimba ni kijana wa Mambrui, ana gitaa lake na wimbo kuhusu baba yake, mvuvi aliyeuza mashua kulipa karo. Tulikuwa na spika mbili kubwa, maiki tatu na mwangwi wa kutengeneza, nami nikijiona nimefanya kazi ya maana. Watu walisikiliza kidogo na kutazama simu kidogo. Kwenye wimbo wa tatu stima ikapotea mtaa mzima. Kijana akanyamaza. Nikamwambia endelea.

Watu bila kuambiwa wakavuta viti mbele. Mmoja akawasha taa ya simu akailaza kwenye mkeka, mwingine akafanya hivyo hivyo, mpaka ua ukawa na mwanga wa kutosha kuona vidole vyake. Akaanza wimbo upya, sauti na nyuzi tu. Alipofika pale pasemapo "baba kafunga nanga", mama mmoja mtu mzima, aliyeketi safu ya pili mkono shavuni, akasema kwa sauti ya kawaida kama anayemwambia mjukuu jikoni: "Nanga haifungwi mwanangu. Nanga hutiwa. Kinachofungwa ni kamba."

Watu wakacheka, na kijana akacheka. Akarudi nyuma mistari miwili, akaimba "baba katia nanga". Ua mzima ukampigia makofi na wimbo haujafika nusu.

Baadaye aliniambia wimbo ule alikuwa ameuimba zaidi ya mwaka, Watamu, Kilifi, hata Mombasa. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Nami nilikuwa nimeusikia mazoezini kwa spika zangu nzuri, na neno likanipita masikioni. Mtoto wa mvuvi aliimba kuhusu nanga kwa neno ambalo mvuvi hasemi, na lilihitaji giza na mama wa safu ya pili kulitoa. Alipokuja kurekodi, alirekodi "katia".

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyopanga maonyesho yote. Msanii mwenye kampuni ana mtu wa kumwambia hapa umekosea, rudia. Asiye nayo ana watu wa mtaa wake. Mtandaoni msikilizaji akipenda atabofya, asipopenda atapita, lakini hatakaa akakurekebishia nanga. Na Nairobi, mwanangu, ukiimba kwa Kiamu, watakupenda kwa lafudhi yako. Watasema inapendeza. Utaimba "mato" na "ndia" na "yeo" na ukumbi utapiga makofi, na siku utakapoliweka neno mahali pasipo pake utapigiwa makofi yale yale. Amu ndiko waliko watu wanaojua lugha yako kukuzidi. Imba kwanza mbele yao.

Kwa hiyo anzisha kikao chako, usiku mmoja kila mwezi, tarehe isiyobadilika. Tafuta watu 30 au 40, nyimbo zako tu, mahali ambapo neno linasikika. Wazo la uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, lazima limekujia. Liache kwa sasa. Pale pana upepo, punda wanapita, watoto wanacheza, na itakubidi ukodi spika kubwa. Ukishakodi spika kubwa umerudi kule kule ambako maneno hayasikiki.

Amu mna utajiri ambao sisi Malindi tumeubomoa kwa sehemu kubwa, nazo ni nyumba zenu. UNESCO iliuingiza mji wenu katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya kuta hizo, na kwa mwanamuziki kuta hizo ni chombo. Kiwanda, ule ua wa ndani, kina kuta ndefu za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na sauti inagonga na kurudi. Ukiimba taratibu inakusaidia, ukiimba haraka inakuchafulia. Chumba chenye zidaka ukutani ni kizuri zaidi, maana vile vishimo huivunja sauti isirudi yote kwa pamoja. Na juu darini, chini ya makuti, ni pazuri kuliko pote kwa gitaa na sauti ya mwanamke, kwa kuwa makuti huinywa sauti kali na kukuachia iliyo nene. Tandika mikeka watu waketi chini. Miili ya watu na mikeka hufanya kazi ambayo ungemlipa fundi.

Kabla hujakubali nyumba ya mtu, nenda saa ile ile ya usiku utakayopigia, usimame pale utakapoketi, mwambie rafiki akae pembe ya mbali kabisa umsomee ubeti mmoja kwa sauti ya mazungumzo. Akiweza kukurudishia maneno yote, hapo pana kikao. Asipoweza, kabla ya kutafuta spika sogeza kiti chako. Mara nyingi ni kiti tu. Ukilazimika kutumia maiki, iwe moja na iwe ya sauti, gitaa lijitegemee. Na spika usiielekeze ukutani.

Anza baada ya Isha, watu wakishatoka msikitini na kula, kama saa mbili na nusu. Maliza kabla ya saa nne na nusu. Majirani waambie mwenyewe, nyumba kwa nyumba, siku mbili kabla, na mzee wa mtaa awe wa kwanza. Ramadhani usipange. Wiki ya Maulidi, mwisho wa Mfungo Sita, mji unapojaa wageni wa msikiti wa Riyadha, usipange pia, hata ukiona wageni hao ni hadhira ya bure. Nenda wewe ukawasikilize wapiga matari. Angalia namna safu nzima ya vijana inavyoinama na kuinuka kwa pigo moja bila kiongozi kutoa ishara. Jifunze hapo kushika mwendo. Lakini kasida usizichukue ukaziweka katika nyimbo za hotelini. Hilo mji hautakusahaulia, na mimi nitakuwa upande wa mji.

Kuhusu mpigaji wa pili, mtafute wa ngoma kabla ya mwingine yeyote. Gitaa lako na chapuo moja vinatosha. Vijana wengi wa Amu wana mikono iliyolelewa kwenye ngoma za kwetu kama kirumbizi na goma, na hawajui kwamba mikono hiyo inatafutwa.

Sasa hesabu, tuifanye kwa mfano. Watu 40 wakitoa shilingi 200 kila mmoja ni 8,000. Mpigaji ngoma umpe 2,000 mkononi usiku ule ule, mwenye nyumba 1,000 hata akikataa, chai ya tangawizi na mahamri 1,500, hamali wa mkokoteni na mengineyo 500. Wabakiwa na 3,000. Haziwezi kukuendesha mwezi, nami sikwambii zitakuendesha. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba mahali unaponolewa panaweza kujilipia penyewe na kukuachia chenji, bila mfadhili wala fomu za kuomba msaada. Maisha utayapata kwingine, na kwingine kwenyewe ni huku ulikokwisha kukata tamaa nako, harusini na hotelini.

Harusi. DJ hakuja kwa sababu watu walichoka na muziki wa kupigwa. Alikuja kwa sababu kikundi cha watu wanane kinahitaji usafiri, chakula na pahali pa kuketi, na yeye huja na kompyuta na kijana wa kumshikia waya. Usishindane naye usiku kucha, utachoka na utapungukiwa. Omba saa moja, ile ambayo yeye hawezi kuifanya, ya kumwingiza bibi harusi. Tunga ubeti wenye jina lake, la mama yake, la nyumba yao, na kama babu alikuwa nahodha mtaje na chombo chake. Kwetu huku sifa za nyumba zimeimbwa harusini tangu zamani, kwenye vugo, kwenye gungu, na mama mwenye binti wake akisikia jina la marehemu mama yake limewekwa penye kina chake, hatakumbuka bei. Utunzi ulipishe mbali na upigaji. Ni kazi mbili. Arbuni nusu kabla hujaandika neno la kwanza.

Na hapa wewe una kitu ambacho kaka yako hakioni, wala wanaume wengi wanaokushauri hawakioni, kwa kuwa hawaingii. Usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Mlangoni simu zinakusanywa, au yuko mama mkali wa kuhakikisha hakuna anayepiga picha, kwa kuwa watu wamevua mabuibui na wamejipamba. Mpigaji mwanamume haingii, na fundi wa sauti mwanamume akiingia kuunganisha spika hutolewa kabla shughuli haijaanza. Kwa hiyo mwanamke anayepiga ala mwenyewe, anayeweza kuunganisha waya zake mwenyewe, ana soko ambalo halina mshindani. Mimi nyakati zangu tulikuwa wanne, nami nilijifunza kutengeneza waya kwa chuma cha kulehemu kwa sababu hiyo hiyo. Jifunze na wewe. Ukiweza kuzibua maiki iliyokufa mbele ya wanawake 200 waliokwisha kujipaka hina, utaitwa Amu, Malindi na Mombasa.

Usiku ule una jambo jingine ambalo mimi huliona la thamani kuliko malipo. Hakuna anayerekodi. Wimbo unaoimbwa pale unabaki pale, na aliyeukosa ameukosa. Nimewaona wanawake wakisikiliza kwa namna ambayo siioni tena penginepo, macho kwako, midomo ikirudia kiitikio, mmoja akiinuka na noti kuja kukutunza huku akicheza pole pole, amelichagua neno lile la kuinukia, kwa sababu neno limemgusa yeye au limemchoma aliyeketi karibu naye. Ukitaka kujua ubeti upi umefanya kazi, angalia noti zimekuja kwenye mstari gani. Miaka yote niliyopiga, nikifika nyumbani niliandika kwenye daftari: mstari huu, noti tatu. Mstari huu, kimya. Nyimbo za shughuli iliyofuata nilizirekebisha kwa daftari hilo. Daftari hilo ninalo mpaka leo, limelainika kama kitambaa, na vijana wangu huanzia hapo.

Hoteli sasa. Usiwadharau wanaoomba nyimbo mbili zile zile. "Jambo Bwana" unayoiimba ukiwa umechoka ilitungwa na Teddy Kalanda wa Them Mushrooms, ikatoka mwaka 1982, nao walikuwa vijana wa Pwani wanaopiga hotelini kama wewe. Walisikiliza wageni wanavyohangaika na salamu zetu, wakafanya salamu zenyewe wimbo. Ulikuwa wimbo wao mpya, wa kazini, si wa kuombwa. Ukikaa hotelini kaa na sikio hilo. Wape wimbo waliouomba, kisha hapo hapo, kabla hawajarudi kwenye samaki wao, waambie kwa maneno machache huu unaofuata ni wa nyumbani kwetu, wahusu kitu fulani, uimbe. Mmoja ataacha uma. Mwimbie huyo.

Lakini makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: saa ngapi mpaka saa ngapi, mapumziko mangapi, chakula, siku ya malipo, na boti ya kukurudisha Amu. Hili la boti lishike. Kutoka Shela usiku kwa miguu ufukweni na gitaa mgongoni, maji yamejaa, binti peke yako, haifai, na hoteli inayoweza kumlipia mgeni boti ya kwenda kuangalia jua likizama inaweza kukulipia wewe ya kurudi nyumbani. Mimi niliwahi kupigia hoteli moja ya Pwani msimu mzima kwa ahadi ya mdomo. Malipo yalikuja mwezi wa nne baada ya msimu kwisha, yamepungua, na aliyeahidi amekwisha kuhama. Watoto wangu walikaa nyumbani muhula ule. Sijawahi tena kufungua kinanda bila karatasi.

Kumbuka pia kwamba msimu ni wa upepo. Kaskazi inapovuma, Disemba mpaka Machi, wageni wapo. Masika yakiingia, hasa Mei, hoteli nyingi hufunga. Kwa hiyo pesa ya Januari ni ya Mei. Iweke.

Gitaa lako usisahau kwamba liko kisiwani. Chumvi hula nyuzi za chuma, na wiki chache zatosha kuzifanya zikate vidole. Kila ukimaliza kupiga, pitisha kipande cha kanga iliyochakaa, kikavu, juu na chini ya kila uzi, kisha lifunge ndani ya mfuko wake, usilitundike ukutani penye dirisha la baharini. Ukivuka kwa boti kati ya Amu na Mokowe, kule bara, kila chenye umeme kiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na mfuko ndani ya begi. Nilipoteza mikisa nzuri, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kwa wimbi moja dogo tu la hapo.

Haki zako, kwa ufupi. Nyimbo zako ziandikishe na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na mashirika yanayokusanya mirabaha ujiunge ukiwa na nyimbo zinazopigwa redioni, kabla ya hapo hayana la kukupa. Kwa sheria yetu ya mwaka 2001 utunzi ni wako maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Wimbo ukiwekwa kuwa mlio wa kumsubirisha mpiga simu, marekebisho ya mwaka 2022 yanasema mwenye kazi apate si chini ya asilimia 52 ya mapato. Mtu akitaka kukurekodi jukwaani kwa biashara, ruhusa ni yako kutoa au kunyima. Na ukiimba shairi la mzee wa Amu, hata kama ni jirani yako aliyekupa kwa mapenzi, andika jina lake na umgawie.

Hukuniuliza kuhusu heshima, lakini msichana wa Langoni hawezi kushika gitaa asiulizwe, nami niliulizwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alitoka Fumba, Unguja, binti wa mfinyanzi, mwenyewe akiuza vyungu, na mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Walimsema sana. Sikuhadithii ili ukabishane na mama yako. Nakwambia mlete mama yako kwenye kikao cha kwanza, aketi safu ya mbele, asikie neno kwa neno unachokiimba. Mama yangu alininunia miaka miwili kwa sababu ya alichohadithiwa. Alipokuja mwenyewe kwenye kupamba ya jirani, alirudi nyumbani akaniambia kiitikio changu cha mwisho ni kirefu mno. Alikuwa amesema kweli, na kununa kuliishia hapo.

Nairobi utakwenda, na Zanzibar pia. Tamasha la muziki la Sauti za Busara liko Unguja tangu 2004, na muziki wa namna yako unasikilizwa pale kwa makini. Nenda kupiga, na tiketi ya kurudi mfukoni. Nenda ukishakuwa na nyimbo 12 ambazo watu wa Langoni wanakuitikia bila kufunzwa. Hesabu kikao kimoja kwa mwezi, wimbo mpya mmoja kila kikao, ni mwaka.

Sasa ubeti wako. Umeandika:

Babu kavuka bahari, ilipovuma kaskazi
Hakutukua johari, ila dua za wazazi

Mizani imekaa, nane kwa nane. Vina vimekaa. "Hakutukua" imenifurahisha sana, maana wengine wangeandika "hakuchukua" ili waeleweke mbali, na ladha ingepotea. Lakini umenieleza katika barua kwamba babu alikwenda Muskati na chombo cha boriti. Mwanangu, kaskazi haimpeleki mtu Muskati. Kaskazi huleta. Vyombo vilikuja huku navyo kaskazi, vikangoja, na kusi ilipoanza ndipo vikatweka kurudi Arabuni na boriti zenu. Babu yako alivuka kwa kusi. Nahodha yeyote mzee pale gatini atakwambia, na akikusikia ukiimba hivi hataingia kwenye wimbo wako tena, atabaki nje akimfikiria huyo babu anayepambana na upepo wa mbele.

Ukiweka "kusi", kina chako cha mwisho kinavunjika, na "wazazi" itabidi iondoke, na ndiyo iliyokuwa nzuri. Nimejaribu jana usiku kukutafutia njia nikaacha, kwa sababu ni wimbo wako. Huenda ukaubakisha upepo wa kaskazi na kuubadilisha wimbo, ukaimba siku babu aliporudi badala ya siku aliyokwenda. Jaribu zote mbili. Uliza nyumbani alirudi na nini.

Nitumie ubeti mpya na tarehe ya kikao. Basi la Malindi linatoka asubuhi, nitafika Mokowe kabla ya Alasiri, na nyuzi nitakuja nazo seti mbili.